Wahandisi Wakija Kijijini, Tuwaambie Nini?

(Mazungumzo haya yalitolewa na Idara ya Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila tumeyapunguza kidogo.)

  

Leo tuna jambo moja tu. Mmesikia katika mkutano wa kijiji kwamba wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu watakuja huku kwetu. Watakaa siku tano, na watafanya semina na warsha pamoja na wanakijiji. Tangu siku ile tumeulizwa maswali mengi. Wengine wameuliza kama kuna posho. Wengine wameuliza kama wataleta mashine. Lakini mama mmoja alituuliza swali lililotufanya tukae chini na kuandaa mazungumzo haya. Alisema hivi: "Mwalimu, hao ni wasomi wa chuo kikuu. Sisi tumejua kusoma juzi juzi tu. Tutakwenda kuwaambia nini?"

Basi, swali hilo ndilo tunalolijibu leo.

Kwanza tuyajue maneno. Je, semina ni nini? Semina ni mkutano wa kujifunza ambao kila mtu anasema. Si darasa la mtu mmoja kusema na wengine kunyamaza. Asili ya neno lenyewe ni Kilatini, lugha ya zamani ya Ulaya, na huko maana yake ilikuwa kitalu, mahali pa kukuzia miche. Ninyi wakulima kitalu mnakijua. Mtu haoteshi miche ili aitazame. Anaiotesha ili aihamishie shambani. Semina ambayo miche yake haitoki kitaluni imewapotezea watu siku zao.

Na warsha je? Neno hili limetoka katika Kiarabu. Kwa Waarabu, warsha ni karakana, mahali fundi anapofanyia kazi kwa mikono. Sisi tumeyatenganisha mambo haya mawili. Karakana tumewaachia maseremala na mafundi chuma. Warsha tumeipeleka ukumbini, kwenye viti vya plastiki na chupa za maji. Siku hizi mtu akisema "nilikuwa kwenye warsha," hatumtazami mikono kama ina grisi. Tunamtazama mfuko kama una posho. (Vicheko.) Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Katika chuo cha uhandisi mambo hayawezi kuwa hivyo. Mhandisi ni mtu wa kutengeneza: daraja, bomba la maji, mashine, nguzo za umeme. Akikosea hesabu, daraja linaanguka na watu wanakufa. Kwa hiyo anajifunza mahali pawili. Katika semina anasimama mbele ya wenzake na walimu wake, anaonyesha mchoro wake, na wao wanamwuliza: Chuma hiki kitabeba uzito gani? Maji yakijaa itakuwaje? Kisha anaingia karakanani, anakata, anachomelea, anapima, na anaona kama mchoro wake ulisema kweli.

Nchi yetu ilikaa muda bila chuo cha namna hiyo. Katika miaka ya 1960 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, na kijana aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea. Mwaka 1973 kikaanzisha Kitivo cha Uhandisi, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwaka huo huo likaanzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ambalo wengi mnalijua kwa jina la SIDO. Siku hizi kile kitivo kinaitwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Neno ndaki lisiwatishe, ni sehemu kubwa ya chuo kikuu, basi. Jambo la kujua ni kwamba mwanafunzi wa pale hamalizi masomo kwa vitabu peke yake. Hupelekwa nje kufanya mafunzo kwa vitendo, viwandani na kwenye miradi.

Sasa tunafika kwenye swali la yule mama. Kama chuo kina walimu na kina karakana, kinatafuta nini kwetu?

Tuchukue mashine ya kusaga. Hapa hakuna asiyeijua. Ndani yake kuna vyuma vinavyozunguka kwa kasi na kuponda nafaka. Chini yake kuna chekeche la chuma lenye matundu madogo. Unga ukiwa laini unapita. Punje ambazo hazijasagika zinazuiwa, zinapondwa tena. Siku moja jiwe dogo au msumari unaingia pamoja na mahindi, chekeche linapasuka. Hapo ndipo shida inapoanza. Fundi wa kijijini anaweza kuchomelea mguu wa mashine, lakini matundu mengi, madogo, yaliyo sawa sawa, hawezi kuyatoboa kwa mkono. Chekeche ni lazima litoke mjini. Kwa hiyo mashine inasimama, na akina mama wanarudi kwenye kinu na mchi.

Jambo hilo hilo lilionekana Botswana katika miaka ya 1980. Mhandisi mmoja wa Marekani, mwanamke anayeitwa Amy Smith, alikuwa huko akifanya kazi ya kujitolea. Alikuwa amesoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, chuo kinachoitwa MIT kwa kifupi, katika mji wa Cambridge. Ni chuo maarufu sana duniani kwa uhandisi. Baadaye alirudi chuoni na kubuni mashine ya kusaga isiyo na chekeche. Je, unga unatenganishwaje na punje? Kwa upepo. Mashine inapozunguka inaleta upepo. Unga laini ni mwepesi, unachukuliwa na upepo. Punje ni nzito, zinabaki na kupondwa tena.

Sasa ninyi mama zetu mliokaa pale mbele, hiyo ni kazi gani? (Sauti: "Kupepeta!") Naam, ni kupepeta. Kile ambacho ungo unafanya mkononi mwenu, mashine inakifanya ndani ya tumbo lake. Mwaka 2000 Amy Smith alipewa tuzo kubwa ya wanafunzi wabunifu pale chuoni kwake. Hatuwaambii muitupe mashine yetu ya kijijini. Tunataka muone jambo moja. Palipokuwa na shida ni kwenye chekeche, na mtu anayejua kwamba chekeche ndilo linalosimamisha mashine ni yule aliyebeba debe la mahindi kichwani, akafika, akakuta mlango umefungwa. Mhandisi aliyekaa chuoni hajui hilo. Anaweza kuongeza nguvu ya injini, aipake rangi nzuri, na chekeche likapasuka vile vile.

Mwaka 2002 mwalimu huyo alianzisha pale MIT darasa ambalo baadaye liliitwa D-Lab. Wanafunzi wake walijifunza darasani na karakanani, kisha wakasafiri kwenda kukaa na watu wenye shida yenyewe. Kwanza walikwenda Haiti. Kabla ya kusafiri walipewa mazoezi. Zoezi moja lilikuwa kula kwa wiki nzima kwa dola 2 tu kwa siku, huko huko Marekani. Tunajua mtasema wiki moja si kitu, na ni kweli si kitu. Lakini ni afadhali mwanafunzi aliyelala na njaa siku mbili kuliko yule aliyeisoma njaa kitabuni.

Haiti ni nchi ya visiwani huko Karibi. Miti imekatwa sana kwa ajili ya kuni na mkaa, milima mingi imebaki mitupu. Lakini wanalima miwa, na makapi ya miwa yalikuwa yakitupwa. Wanafunzi na wenyeji wakajiuliza: je, makapi haya hayawezi kuwa mkaa? Wakajaribu. Ikawezekana. Na baadaye, mahali penye mahindi, ikaonekana kwamba magunzi ni rahisi zaidi. Tutaeleza jinsi inavyofanywa, maana magunzi hapa kwetu yamejaa nyuma ya kila nyumba.

Linatafutwa pipa la mafuta, lile la lita 200. Lisiwe pipa lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu. Hilo tunalisema mara mbili: lisiwe pipa la dawa. Chini linatobolewa matundu machache, na juu linakatwa tundu kubwa moja la kujazia. Pipa linawekwa juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini. Linajazwa magunzi makavu, kisha linawashwa. Mwanzoni unatoka moshi mzito, mweupe. Ule ni unyevu na gesi. Mtu asikae upande unakoelekea moshi. Moto ukishashika vizuri na moshi ukapungua, ndipo kazi yenyewe. Mawe yanaondolewa, pipa linakaa chini kabisa, tundu la juu linafunikwa kwa bati, na kila mwanya unazibwa kwa mchanga au udongo. Hewa isiingie hata kidogo. Hewa ikiingia, magunzi yote yanakuwa majivu. Pipa linaachwa saa mbili hivi mpaka lipoe. Likifunguliwa, magunzi bado yana umbo la magunzi, lakini ni meusi. Huo ni mkaa tayari, unaweza kuutia jikoni hivyo hivyo.

Makapi ya miwa yana kazi ya ziada. Yakishaungua ni kama unga mweusi. Inabidi kuusaga, kuuchanganya na uji wa muhogo ili ushikane, kuufinyanga vipande, na kuuanika juani siku kadhaa. Uji usiwe mwingi, maana mkaa utatoa moshi.

Kwa nini watu wa chuo kikuu wahangaike na magunzi? Kwa sababu moshi wa jikoni unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na moshi na hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kwa kuni, mkaa, kinyesi cha wanyama na mafuta ya taa. Wengi wanaokaa ndani ya moshi huo ni akina mama, na watoto waliobebwa mgongoni. Mkaa una moshi mdogo kuliko kuni, lakini tusidanganyane. Mkaa una sumu isiyoonekana na isiyonuka. Mtu akiingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga mlango na madirisha, anaweza asiamke. Mkaa wa gunzi nao ni hivyo hivyo.

Turudi kwenye warsha. Mwaka 2007 watu wale wa MIT waliitisha warsha ya wiki nne. Hawakuwaita maprofesa peke yao. Walikuwapo wanafunzi, walimu, mafundi na wakulima kutoka nchi nyingi, wakagawanywa katika vikundi. Kanuni yao ilikuwa moja, nasi tunaipenda sana: mwisho wa warsha kikundi kisilete makaratasi, kilete kitu kilichotengenezwa. Kitu hicho huitwa mfano wa kwanza. Kinaweza kuwa kibovu, kinaweza kuvuja au kutoa kelele. Lakini mtu anakishika, anakijaribu, anasema: hapa panaumiza mkono, pabadilishwe. Hapo warsha na karakana zikawa kitu kimoja tena.

Mwaka 2009 warsha hiyo ilifanyika Ghana, katika chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha mji wa Kumasi. Kumasi ni mahali panapofaa. Chuo chake kilianzisha kituo cha kutoa ushauri wa ufundi mwaka 1972. Na mwaka 1980 kikajenga karakana ya mafunzo huko Suame, nje ya chuo, katikati ya mafundi gereji na wafua vyuma. Badala ya kumwita fundi kupanda ngazi za chuo, chuo kilimfuata fundi. Mwezi wa Julai 2014 ikawa zamu ya nchi yetu. Warsha ilifanyika Arusha, na washiriki walikwenda kufanya kazi na watu wa vijijini.

Kuna habari nyingine kutoka kaskazini ya Uganda. Huko watu walikaa miaka mingi kambini kwa sababu ya vita, wakarudi mashambani mikono mitupu. D-Lab walipofika hawakuanza na hotuba. Wanakijiji walianza kwa kutengeneza mkaa, na kifaa kidogo cha kupukuchulia mahindi. Ni kipande cha bati, kimekunjwa kama bangili pana, na ndani kina mikunjo inayotokeza. Gunzi linaingizwa, linazungushwa, punje zinadondoka. Baada ya hapo wanakijiji wakafundishwa kubuni vitu vyao wenyewe. Angalieni mwendo wake. Mtu anaanza kutengeneza kitu cha mwingine, akiona mikono yake inaweza, anatengeneza cha kwake.

Basi sasa tumjibu yule mama. Wakija wale vijana, tuwaambie nini?

Tuwaambie hesabu. Ndugu, hapo ndipo kisomo chetu kinapopata kazi. Mtu akisema "kupukuchua mahindi ni kazi ngumu," mhandisi anatikisa kichwa, lakini hana cha kuandika. Mtu akisema "gunia moja tulipukuchua watu wanne, tukaanza saa mbili asubuhi, tukamaliza saa sita, na binti yangu alitoka malengelenge kwenye vidole vitatu," hapo mhandisi anachukua kalamu. Anajua sasa mashine yake ishindane na nini. Kwa hiyo tunawaomba kuanzia kesho kila kikundi kiwe na daftari. Andikeni tarehe. Andikeni mizigo ya kuni kwa wiki, na mwendo wa kwenda na kurudi kwa saa. Andikeni mashine ya kusaga ilisimama siku ngapi na kwa sababu gani: ni chekeche, ni mkanda, ni dizeli, au mwenyewe amesafiri. Futi kamba tutawaazima. Pimeni mlango wa stoo, maana tumewahi kuona mashine nzuri imelala nje kwenye mvua kwa kuwa haikupita mlangoni.

La pili ni zito zaidi. Tuna adabu yetu. Mgeni akisema, sisi tunasema ndiyo. Akiuliza, "Mmeipenda?" tunajibu, "Tumeipenda sana, asante." Anapiga picha, anaondoka amefurahi, na kitu kinabaki chini ya mwembe kinaota kutu, kuku wanatagia ndani. Ndugu zangu, katika semina ya wahandisi, kusema "hapana" si utovu wa adabu. Wenyewe huko chuoni ndivyo wanavyofanyiana. Mzee akisema, "Mjukuu wangu, mpini huu ni mrefu, mke wangu hataufikia," amewasaidia kuliko anayepiga makofi. Na tunawaomba wanaume wa kijiji hiki jambo moja. Ikiulizwa habari ya kupukuchua, ya kuni na ya maji, muwaachie wenye kazi hiyo waseme. Tumekaa katika mikutano mingi ambayo mwanamume alieleza kwa urefu uzito wa ndoo ambayo hajaibeba. (Vicheko na vigelegele.)

Mzee mmoja pale nyuma amenyoosha mkono. (Mzee: "Mwalimu, na wazo likiwa letu, wakaenda nalo, wakalitajirikia?") Mzee wetu, umeuliza swali la mtu mzima. Jibu letu ni kuandika. Kikundi kikibuni kitu, katibu aandike katika kumbukumbu siku ile ile: kitu gani, nani alitoa wazo, nani alichora, nani alichomelea, na wote watie sahihi, wageni nao watie sahihi. Nakala ibaki ofisi ya kijiji. Daftari hilo halimpi mtu haki zote za kisheria, lakini ni ushahidi. Kwa Tanzania Bara uvumbuzi husajiliwa na wakala wa serikali unaoitwa BRELA, na watu wa SIDO mkoani wanaweza kueleza njia. Zamani mwenye wazo alitegemea kumbukumbu za watu, na wenye wazo wakifa jambo lilipotea. Sasa ninyi mnaandika wenyewe.

Msitegemee kwamba siku ya tano mashine itakuwa kamili. Siku tano ni chache sana. Kitakachopatikana ni mfano wa kwanza, na pengine kitavunjika wiki ile ile. Kikivunjika msikifiche. Andikeni kilivunjikia wapi, kikiwa kinafanya nini. Mwenyekiti atatuma barua chuoni, na barua hiyo tutaiandika pamoja hapa darasani. Wale vijana wamekubali kurudi baada ya mavuno, na tumewaambia tutawahesabia miezi.

Kuhusu posho, mjue mapema: haipo. Kutakuwa na uji asubuhi na chakula cha mchana.

Alhamisi hii, kabla wageni hawajafika, tutawasha pipa wenyewe katika uwanja wa shule, saa tisa alasiri. Pipa tutakuja nalo sisi, tumelipata gereji, lilikuwa la oili. Kila mtu alete magunzi makavu ya kujaa kikapu kimoja. Yaliyonyeshewa msilete. Tunahitaji pia bati la kufunikia, majembe mawili ya kuchotea mchanga, ndoo ya maji ya tahadhari, na mtu mwenye saa. Katibu wa zamu atakuwa Mama Zawadi wa kikundi cha pili. Ataandika saa ya kuwasha, saa ya kuziba na saa ya kufungua, na tutapima mkaa kwa mizani ya duka la ushirika.

Watoto wasisogee karibu na pipa.